Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mambo ya kushangaza kuhusu wanyamapori wetu

Naendesha gari la watalii kaskazini mwa Tanzania, na wageni wakipungua nabeba wanafunzi. Ndani ya dashibodi nina daftari. Swali likiulizwa mara ya tatu, naliandika. Ukurasa huu umetoka kwenye daftari hilo: kwanza maswali ya kila mtu, kisha wanyama wenyewe, mwisho yale ya pembeni ambayo watu huniuliza kwa sauti ya chini wakati wengine wamekwenda msalani. Pale jibu moja linapokamilishwa na jingine nimeonyesha pa kusoma, ili nisirudie.

## Ya kuanzia

Mimi ni mtu mzima. Mambo haya ya wanyama si ya watoto?

Mwaka mmoja nilibeba darasa la sita na mwalimu wao, mtu wa makamo aliyelala tangu tulipoondoka mjini. Tulipofika Seronera, katikati ya Serengeti, nikawaonyesha watoto pimbi wamejianika juu ya mwamba, nikasema huyu ni ndugu wa tembo. Mwalimu akafumbua jicho moja. "Dereva, watoto hawa wana mtihani. Usiwalishe uongo." Tukabishana. Pimbi mmoja akapiga miayo, nikamwonyesha meno. Jioni, njiani kurudi, watoto wote wamelala, yeye ndiye alikuwa ameinamia kiti changu: "Haya, na nguva je? Na fisi?"

Kwa hiyo hapana. Mtoto ukimwambia pimbi ni ndugu wa tembo anasema "sawa anko" na kuendelea na biskuti yake, maana kwake kila kitu bado ni kipya. Anayeshtuka ni aliyewaona pimbi miaka arobaini akiwadhania panya walionenepa. Utamu wote uko kwenye ile miaka arobaini. (Ushahidi niliompa mwalimu uko kwenye swali la pimbi na tembo.)

Nianzie wapi kama sina hela ya kwenda hifadhini?

Anza na mjusi kafiri. Usiku, akiwa upande wa nje wa kioo cha dirisha akivizia wadudu wa taa, msogelee kwa ndani na tochi ya simu. Tazama nyayo zake. Utaona kila kidole kina vistari vilivyopangana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Vistari hivyo ni safu za vinyweleo vidogo mno, na kila kinyweleo kimegawanyika nchani kuwa mamia ya vitawi. Vitawi hivyo hushika kioo kwa ule mvuto hafifu uliopo kati ya molekuli na molekuli. Hakuna gundi, wala unyevu, wala kufyonza. Akitaka kupiga hatua hukunja ncha ya kidole kwenda juu, kama mtu anayebandua plasta.

Ukimaliza na mjusi, tafuta kinyonga kwenye ua wa jirani, kisha endelea. Na hifadhini si mbali kama unavyodhani: mwananchi wa Afrika Mashariki analipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo sana kuliko mgeni. Kinachokula hela ni gari, basi changieni.

Nitajuaje kama jambo nililoambiwa ni la kweli?

Mimi huuliza nani aliona, na alihesabu vipi. Kisha natazama kama jambo lenyewe lina mahali, mwaka na jina, au linasema tu "wanasayansi wamegundua". Na likifanana mno na methali, nashuka moyo, maana mara nyingi mtu ametunga mnyama ili afundishe adabu.

Mbuni kuficha kichwa mchangani ni la aina hiyo. Mbuni hutaga kwenye shimo ardhini na huinama kugeuza mayai kwa mdomo. Pia akiona hatari akiwa kwenye kiota hujilaza bapa, shingo imenyooshwa ardhini. Kwa mbali kichwa hakionekani. Nungunungu naye harushi miiba, ila hung'oka upesi na kubaki kwenye pua ya aliyemgusa. Na simba anayeitwa mfalme wa msitu, msituni hasa hayupo: kwao ni nyikani na kwenye mbuga za nyasi.

## Wakubwa wa mbugani

Shingo ya twiga ina mifupa mingapi?

Saba. Nawaambia wanafunzi wapapase kisogo kuanzia chini ya fuvu mpaka pale kwenye nundu ndogo ya mabegani. Hapo kuna pingili saba. Twiga anazo saba, panya anazo saba, popo anazo saba. Karibu mamalia wote wako hivyo, isipokuwa wachache sana. Za twiga zimerefuka tu, kila moja ikipita sentimita 25.

Kupandisha damu hadi kichwani kunamgharimu: moyo wake una uzito wa takriban kilo 11 na shinikizo lake la damu ni kama mara mbili ya letu. Kwa binadamu hiyo ingekuwa ya kulazwa wodini. Akiinama kunywa maji, vali za mishipa ya shingo na wavu wa mishipa midogo chini ya ubongo huzuia damu isimshukie kichwani kwa kishindo. Ndiyo maana twiga akinywa maji nazima injini na kusubiri. Hutanua miguu ya mbele polepole, kwa mashaka, kama mzee anayeshuka ngazi zisizo na reli, na akisikia chochote hunyanyuka mara moja bila kunywa.

Twiga ni bubu?

Si bubu, ni mkimya. Hukoroma kwa pua, na ndama hulia. Watafiti waliorekodi twiga usiku kwenye bustani za wanyama za Ulaya walitangaza mwaka 2015 kwamba wanyama hao huvuma kwa sauti nzito gizani.

Pimbi na tembo wana undugu gani? Mbona hawafanani hata kidogo?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Kiswahili cha mtaani kimemdharau pimbi vya kutosha. Mwite mtu pimbi uone atakavyokasirika. Uzito wake ni kilo chache, hana mkia wa kuonekana, na akianikwa na jua hujilaza kama kitambaa.

Sasa mtazame kwa karibu. Meno mawili ya mbele ya juu yanakua maisha yote na yamechongoka. Pembe za tembo pia ni meno ya mbele ya juu yanayokua maisha yote. Karibu vidole vyote vya pimbi havina makucha ya kukwaruzia kama ya panya. Vina kucha bapa, fupi, zinazofanana na zile za mguu wa tembo. Dume la tembo na dume la pimbi wote korodani zao zimebaki ndani ya tumbo karibu na figo. Na mimba ya pimbi huchukua miezi saba au zaidi, jambo la ajabu kwa mnyama wa ukubwa wa sungura. Tembo yeye hubeba miezi 22. Vinasaba vikaja kuthibitisha yale ambayo mifupa ilikuwa inasema: ukoo wa pimbi, tembo na nguva una babu mmoja, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita.

Ndiyo, na nguva. Yule wa Mafia na Rufiji, ambao sasa wamebaki wachache mno, yuko karibu na tembo kuliko alivyo karibu na pomboo anayeogelea naye bahari moja. Na kuna mwanaukoo mwingine mdogo zaidi. Tazama swali la wanyama wasiojulikana.

Ukilala kwenye misitu ya Kilimanjaro au Usambara usiku ukasikia kitu kinakwaruza kama mlango wenye kutu, kisha kinapiga ukelele wa kunyongwa, usiite mtu. Huyo ni perere, pimbi wa mitini, anawaambia majirani kwamba mti huu una mwenyewe.

Tembo hufa kwa uzee au kwa njaa?

Mara nyingi kwa vyote viwili. Magego yake hayachomozi kutoka chini kama yetu. Husogea kutoka nyuma kwenda mbele kama mizigo kwenye mkanda wa kiwanda, la mbele likisagika linamomonyoka na la nyuma linachukua nafasi. Anapata seti sita maishani. Ya sita ikiisha, na hapo ana miaka kama sitini, huanza kutafuta majani laini ya kinamasi. Ndiyo sababu mifupa ya tembo wazee huonekana mara nyingi karibu na majimaji, na huenda ndipo ilipoanzia ile hadithi ya makaburi ya tembo.

Kiboko hutoka jasho la damu?

Hutoka majimaji mekundu, lakini si damu wala si jasho hasa. Tezi za ngozi hutoa kitu kisicho na rangi ambacho baada ya dakika chache hewani huwa chekundu, baadaye kahawia. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walichambua rangi zake mbili, nyekundu na ya chungwa, wakaona zinazuia mionzi ya jua, na ile nyekundu inazuia bakteria pia. Kwa kifupi kiboko anajipaka mafuta ya jua na dawa ya vidonda kwa pamoja, bure, jambo la maana kwa mnyama anayepigana na wenzake kila siku ndani ya maji yenye kinyesi.

Na ni kweli hajui kuogelea?

Kweli. Ni mzito mno kuelea. Hutembea chini ya maji, na akiwa na haraka hukimbia kwa kurukaruka, akisukuma sakafu ya mto kwa miguu. Anaweza kukaa bila kupumua kama dakika tano, na hata akiwa usingizini mwili hupanda wenyewe, pua huvuta hewa, unazama tena, mwenyewe hajaamka. Nje ya ukoo wa viboko wenyewe, jamaa yake wa karibu zaidi aliye hai ni nyangumi. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Sasa anko, huyu alikataa kuhama?" Sijasikia maelezo mafupi zaidi ya hayo.

Kuhusu kutawanya kinyesi kwa mkia: wazee wanasimulia kwamba kiboko aliahidi kutokula samaki, kwa hiyo hutawanya kinyesi ili Mungu akague kama kuna miiba. Hadithi nzuri, nami huisimulia. Dume hufanya hivyo kutia alama eneo lake, na kweli miiba haimo, maana chakula chake ni majani anayoyafuata nchi kavu usiku. Usisimame kati yake na maji. Hilo si la kushangaza, ni la kuokoa maisha.

Pundamilia ni mweusi mwenye milia myeupe au kinyume chake?

Mweusi. Ngozi chini ya manyoya ni nyeusi mwili mzima. Ubishi mkubwa ulikuwa milia ni ya nini: kujificha, kumchanganya simba, kupoza mwili? Jibu lililopata ushahidi mwingi ni nzi. Mwaka 2019 timu ya Tim Caro, aliyefanya kazi miaka mingi Tanzania, ilichapisha jaribio lililofanyika Uingereza: waliwavika farasi mavazi ya milia, mengine meupe, mengine meusi. Nzi wanyonyao damu walikaribia wote sawasawa lakini kwenye milia walishindwa kutua, wakagonga na kupita. Mtu yeyote aliyewahi kuumwa na mbung'o Tarangire ataelewa thamani ya shati hilo.

Fisi ni dume na jike kwa wakati mmoja?

Hapa walimu hujifanya wanatazama dirishani. Si kweli, ila waliosema hivyo hawakuwa wajinga; waliona kitu. Jike la fisi madoa lina kiungo cha nje kilichorefuka hadi kufanana na cha dume, pamoja na uvimbe chini yake unaofanana na korodani. Tundu la kawaida halipo. Anakojoa, anapandwa na anazaa kupitia kiungo hicho hicho. Uzazi wa kwanza ni wa hatari, na watoto wengi hufia njiani.

Jike pia ni mkubwa kuliko dume na ndiye mwenye amri. Cheo hurithiwa kwa mama: mtoto wa bibi mkubwa, hata awe mdogo kiasi gani, hula kabla ya dume lililohamia kutoka ukoo mwingine. Nimewahi kuona dume kubwa limekaa pembeni ya mzoga wa nyumbu, mate yanadondoka, huku vitoto viwili vyenye rangi ya giza bado vinachezea mkia wa nyumbu mbele yake. Alijaribu kusogea. Mama akainua kichwa tu. Akarudi alipokuwa.

Lakini si ni mwizi, anakula mabaki ya simba?

Ndivyo tulivyofundishwa wote. Katika miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk alikaa Serengeti na Ngorongoro akiwafuatilia fisi usiku, wakati wengine wamelala. Akakuta kwamba fisi madoa huwinda sehemu kubwa ya chakula chao wenyewe, na ndani ya kreta mara nyingi fisi ndio waliua usiku, simba wakaja kupora. Asubuhi mtalii anafika, anamkuta simba juu ya mzoga na fisi wamezunguka, anapiga picha, anahitimisha. Mwizi yuko kwenye picha, ila siye yule tunayemnyooshea kidole.

Mengine kwa haraka. Kinyesi chake ni cheupe kama chaki kwa sababu ya mifupa anayosaga. Kile kicheko si furaha. Mara nyingi ni fisi aliyebanwa au anayefukuzwa. Kiukoo yuko upande wa paka na nguchiro, si wa mbwa. Na fisimaji si fisi kabisa, ni jina tu.

Chui na duma nitawatofautishaje?

Duma ana mistari miwili myeusi kama machozi kutoka machoni hadi mdomoni, na madoa yake ni nukta kamili. Madoa ya chui ni maua. Duma hawezi kunguruma. Analia kama ndege, na akiridhika huvuma kama paka wa nyumbani. Wageni husikia sauti hiyo wakatafuta ndege juu ya mti.

## Waliosemwa vibaya

Kinyonga ana sumu? Na hubadili rangi ili ajifiche?

Hana sumu ya kumdhuru mtu. Chuki yetu kwake imetoka mbali: katika hadithi nyingi za Kibantu yeye ndiye aliyetumwa kuleta habari kwamba watu hawatakufa, akachelewa njiani.

Rangi hubadilika zaidi kwa hasira, mapenzi, ubaridi na joto. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva walionyesha kwamba chini ya ngozi kuna fuwele ndogo mno. Kinyonga akitulia zinakaa karibu karibu na kurudisha mwanga wa buluu, akihamaki zinaachana na kurudisha mwekundu na njano.

Ulimi ndio kioja. Kwenye milima ya Usambara kuna kinyonga wa ukubwa wa kidole gumba. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2016 vilionyesha ulimi wake hufyatuka kwa kasi ambayo, ingekuwa gari, lingetoka sifuri hadi kilometa 97 kwa saa ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Aliyechelewesha habari ana kitu chenye kasi ya ajabu mdomoni.

Kwa nini Zanzibar wanamwita kima "punju"?

Punju ni sumu. Kima punju ana harufu kali, na ilisemwa kwamba mti akiula hufa na mbwa akimla hunyonyoka manyoya. Kumbe yeye mwenyewe ndiye anayepambana na sumu. Karibu na msitu wa Jozani kima hawa hula majani ya miembe na mikungu, yenye kemikali zinazosumbua usagaji wa chakula. Baadaye hushuka kutafuta mkaa: kwenye visiki vilivyoungua, kwenye tanuri za kuchomea mkaa, hata jikoni kwa mtu. Mkaa hunasa kemikali hizo tumboni, kama unavyotumika hospitalini kwa mtu aliyekunywa sumu. Mama huenda na mtoto aliyemng'ang'ania kifuani, mtoto anaona, anajifunza.

Popo ni ndege au mnyama?

Mnyama, ananyonyesha. Na si kipofu. Popo wa Pemba, ambaye haishi kwingine duniani, ana macho makubwa na hutafuta matunda kwa kuona na kunusa. Mabawa yakitandazwa yanazidi mita moja na nusu. Alikaribia kwisha kwa kuliwa. Ulinzi wa wanavijiji, kama pale Kidike, ulimrudisha.

Kakakuona anatabiri mwaka?

Sehemu kadhaa za Tanzania kakakuona akionekana, wazee humwekea mbele vitu kama maji, nafaka na silaha. Atakachokiendea ndicho kitabiri cha mwaka. Sitabishana na wazee. Nitaongeza tu kwamba magamba yake yametengenezwa kwa kitu kile kile cha kucha zako, hana jino hata moja, na ulimi wake umeshikizwa ndani kabisa karibu na mbavu za mwisho. Akijikunja kuwa mpira hata simba humsukuma kwa mguu, hujaribu kuuma, huchoka na kuondoka. Binadamu humwokota tu na kumtia kwenye gunia. Ulinzi ulioshinda meno ya simba haukufikiria mikono. (Ukimwona, soma sehemu ya mwisho.)

## Wanyama na sisi

Ni kweli kuna ndege anayemwita mtu kwenye asali?

Kweli kabisa, na sijui kwa nini hafundishwi shuleni kabla ya kangaruu. Ni mlembe, wengine humwita ndege wa asali. Ni mdogo, wa kijivu, usingemtazama mara mbili. Anajua mzinga ulipo lakini anaogopa kuumwa. Mtu ana moto na shoka lakini hajui mzinga ulipo. Mlembe huja karibu, hulia kwa kelele za haraka kama mtu anayetikisa kiberiti, huruka mti mmoja mbele, husubiri. Unafuata. Chakula chake hasa ni nta, ambayo wanyama wachache mno wanaweza kuisaga.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba mtu naye humwita. Wayao wa Niassa, Msumbiji, hutoa mlio wa kutetemesha ulimi unaoishia na mguno: "brrr-hm". Mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walijaribu mlio huo dhidi ya sauti nyingine, wakachapisha mwaka 2016: kwa mlio wa Kiyao, uwezekano wa kufikishwa kwenye mzinga ulikuwa asilimia 54, kwa sauti nyingine ulikuwa kama 17. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hawasemi hivyo, wao hupiga mluzi. Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood wakabadilisha sauti hizo. Mlembe wa Eyasi walimwitikia mpiga mluzi zaidi ya mara tatu kuliko mtoa mlio wa Kiyao, na wale wa Niassa wakapendelea Kiyao chao. Ndege wa porini, hajafugwa na mtu, na amejifunza lugha ya kijiji.

Mlembe hajifunzi haya kwa wazazi. Mama hutaga kwenye kiota cha ndege wengine, na kifaranga huanguliwa na ncha kali mdomoni ambayo huitumia kuua vifaranga wenye nyumba. Msaidizi wetu alianza maisha hivyo.

Na usipomwachia sega, safari ijayo atakupeleka kwa simba?

Hivyo husemwa karibu kila mahali anapoishi. Lakini Wahadzabe mara nyingi hufukia au huchoma nta inayobaki, kusudi ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Bado wanaongozwa. Mimi hadithi ya simba huisimulia hata hivyo, hasa kwa watoto wasiopenda kugawana chipsi.

Tembo anaogopa panya?

Anaogopa nyuki. Ngozi ni nene, lakini machoni na ndani ya mkonga si hivyo. Kenya, mtafiti Lucy King alitumia hofu hiyo kuunda uzio wa mizinga iliyounganishwa kwa waya kuzunguka mashamba: tembo akigusa waya, mizinga inatikisika. Mkulima wa maeneo ya Tsavo anabaki na mahindi yake na asali juu.

Panya wa Morogoro wanaotegua mabomu ni habari za kweli?

Hawategui, wananusa, watu ndio wanaotegua. Ni panya buku, yule yule anayeiba mihogo shambani. Shirika la APOPO, lililoko Chuo Kikuu cha Sokoine, humfundisha harufu ya baruti kwa malipo ya ndizi. Ana uzito wa kilo moja hivi, kwa hiyo anapita juu ya bomu bila kulilipua. Wengine wamefundishwa kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu na PDSA, taasisi ya kutibu wanyama ya Uingereza, mwaka 2020, panya wa kwanza kuipata. Alikufa mwaka 2022, amenusa zaidi ya mabomu na vilipuzi 100.

## Ya pembeni

Bado kuna wanyama wasiojulikana?

Inategemea wasiojulikana na nani. Wanyakyusa wa Mlima Rungwe walikuwa wakimtaja nyani mwenye haya, kipunji, na baadhi ya watafiti walidhani ni wa hadithi tu. Mwaka 2003 timu ya Tim Davenport ikamwona. Timu nyingine ikamkuta Udzungwa. Mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya, na 2006 akapewa jenasi (kundi la spishi za karibu) yake peke yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa nyani wa Afrika tangu 1923. Mpya kwa maabara.

Udzungwa hiyo hiyo ilitoa sange mkubwa mwenye uso wa kijivu, aliyetangazwa mwaka 2008. Sange ni yule mwenye pua ndefu inayochezacheza. Wazungu walimpa jina linalomlinganisha na tembo kwa sababu ya pua tu, kama utani. Miaka mingi baadaye vinasaba vikaonyesha kwamba yumo kweli kwenye kundi moja na tembo, pimbi na nguva.

Mtoto wangu ameniuliza la fisi mbele ya mkwe. Nijibu vipi?

Jibu la kwanza kwenye swali la fisi, sentensi mbili, bila kucheka. Mkwe atasikiliza kuliko mtoto. Amini maneno yangu.

Nimemwokota kakakuona (au kobe, au mtoto wa swala). Nimfuge?

Hapana. Kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa, na kakakuona kwa kawaida hufa akifungiwa, maana siafu na mchwa anaowataka huwezi kumnunulia sokoni. Mwache alipo, au piga simu kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Mtoto wa swala uliyemkuta amejilaza peke yake hajatelekezwa. Mama amemficha, anakula karibu, na anasubiri wewe uondoke.

Kwa nini unatukataza kula nje ya gari pale Ngoitokitok, mahali pa kupumzikia ndani ya kreta ya Ngorongoro?

Kwa sababu ya mwewe. Dada mmoja alitoka na paja la kuku, akageuka kumwambia mwenzake "mbona hakuna kitu". Hakumaliza sentensi. Hakusikia mbawa. Alibaki ameshika hewa, vidole vimekunjwa kama bado paja lipo, na mstari mwembamba wa damu kwenye kidole gumba. Mwewe alikuwa tayari anakula akiwa angani, akiinamisha kichwa kufikia mguu wake, bila kupunguza mwendo.

Kula ndani. Vioo juu.